Kichembe Nilichokichagua

Wodi ya kifua, kitanda cha saba
21 Januari

Dada,

Desturi inataka nianze kwa kusema mimi ni mzima wa afya, hofu ni kwako tu uliye mbali. Leo tugeuze. Wewe ndiye mzima, na mimi ndiye wa kuhofiwa, ila usihofu kupita kiasi. Wamenikuta na kifua kikuu.

Naandika kwa sababu sauti imekwisha. Sista wa wodi anasema ugonjwa umefika kwenye koo, na nikipiga simu utasikia mtu anakwangua sufuria. Wifi yako nilimpigia wiki iliyopita akanikatia, alidhani ni matapeli.

Sasa sikia bahati ya mgonjwa. Kila Jumanne gari linaondoka hapa na sanduku la baridi limejaa makohozi yetu, linakuja maabara kuu, yaani kwako. Dereva amekubali kubandika bahasha juu ya kifuniko, na Ijumaa akirudi na majibu atarudi na yako. Basi tuna posta yetu wenyewe. Wazazi walikusomesha ili uje kupokea makohozi ya mdogo wako, nani angelijua hilo.

Unajua nilikoupatia. Karakana yetu ya sare za shule tulikuwa mafundi kumi na mmoja katika chumba kimoja, madirisha yamefungwa mwaka mzima ili vumbi lisiguse vitambaa vyeupe. Fundi aliyekaa kulia kwangu alikohoa tangu mwaka juzi, tukampa jina la Pikipiki, tukacheka. Sasa yuko kitanda cha tatu na mimi cha saba, na waliobaki karakanani hawacheki.

Binti anauliza shangazi atakuja lini. Nimemwambia shangazi anawalea wadudu, akiwaacha watalia.

Mdogo wako,
Kitinda


Maabara kuu
3 Aprili

Kitinda,

Posta yetu ina dereva mwaminifu na mwandishi mvivu, na mwandishi huyo ni mimi. Sikutaka kuandika kabla sijapata la kusema. Leo ninalo.

Chupa yako niliishughulikia mwenyewe. Haturuhusiwi kugusa sampuli za ndugu zetu, lakini chupa zina namba, hazina majina, na namba yako niliikariri nikanyamaza. Kazi yenyewe ni hivi. Makohozi tunayasafisha, tunayapanda juu ya chakula cha mayai kilichogandishwa ndani ya chupa, kisha tunasubiri, maana mdudu huyu hana haraka ya maisha. Baada ya wiki tano vikaota vichembe vya rangi ya krimu, kama makombo ya mkate. Kila kichembe ni ukoo mmoja, watoto na vitukuu vya mdudu mmoja. Nikachagua kimoja kilichokaa katikati, kizuri, hakikugusana na chochote. Nikakipanda upya kwenye chupa zenye dawa, kila dawa na chupa yake.

Hakikuota popote, Kitinda. Dawa zote za kawaida zinakiua. Niliingia stoo nikafunga mlango nikalia kidogo, kisha nikanawa uso nikaenda kusaini karatasi.

Basi kazi imebaki kwako. Ni miezi sita tu, na vidonge vimehesabiwa. Usiruke hata siku moja. Mama naye alituambia anameza, na ulikuwepo ukaona ulivyokuwa mwisho wake. Mwaka wa tano huu bado najiuliza vile vidonge alikuwa anavitupa wapi. Usinifanye nijiulize mara ya pili.

Dada yako


Wodi ya kifua
2 Juni

Dada,

Mwezi wa nne umekwisha na mimi ni yule yule. Pikipiki ameruhusiwa jana, amenenepa, ametoka hapa anapiga mluzi. Aliyeniambukiza amepona, niliyeambukizwa nimebaki nalinda kitanda. Makohozi yangu bado yana wadudu, kilo nne zimeondoka, na usiku shuka inalowa mpaka naianika kwenye kitanda.

Nameza, Dada. Nameza zote. Mkojo wangu una rangi ya chungwa kama soda, na wewe unajua dawa gani inaleta rangi hiyo. Mtu anayetupa vidonge angeipata wapi?

Nakuambia haya kwa sababu Sista ameanza kuniuliza maswali kwa sauti ya upole sana. Si mkali, ni mama wa watu. Lakini huo upole ndio unaonitisha. Jana alinikalia kitandani akasema, "Baba, kama kuna siku zinakushinda, niambie mimi, sitakusema kwa daktari." Nikamwambia hakuna. Akanipiga-piga mkono kama mtoto aliyevunja sahani.

Wifi yako anakuja kila Jumapili, anasimama nje ya dirisha na binti. Hatusikiani, basi tunaonyeshana vidole. Juzi binti alinionyesha vitatu, sikujua ni vya nini, nikamrudishia vitatu, akafurahi.

Kitinda


Maabara kuu
9 Juni

Kwa Sista wa wodi ya kifua,

Salamu zangu kwako na pole kwa kazi. Mimi ni dada wa mgonjwa wako wa kitanda cha saba, na ni fundi wa maabara hii inayopima sampuli zenu. Nakuandikia kama ndugu, ingawa ukitaka unaweza kuichukua kama barua ya kazi.

Majibu ya mdogo wangu niliyatoa mimi na hayana utata. Dawa zote zinafanya kazi juu ya vijidudu vyake. Mtu mwenye majibu hayo akifika mwezi wa nne hajapona, sababu ni moja tu, na wewe kwa miaka yako ya wodini unaijua kuliko mimi.

Inaniuma kusema hili lakini nitalisema. Mdogo wangu ana roho nzuri na ana ujanja. Utotoni, nyumbani tulipokuwa tunapewa vidonge vya malaria, vile vichungu, mama alifumua pindo la pazia la chumba chetu akakuta vidonge kumi na viwili vimeshonewa ndani. Mishono ilikuwa ya Kitinda. Alikuwa na miaka sita. Mama mwenyewe aliugua ugonjwa huu huu, akatuambia anameza, na tukamzika.

Nakuomba umwangalie anapomeza. Usimwamini kwa maneno yake, maana maneno yake ni matamu. Na nakuomba asijue kwamba barua hii imetoka kwangu.

Ni mimi,
Dada yake


Wodi ya kifua
30 Juni

Dada,

Kuna kitu kimeharibika hapa na sijui nani amekiharibu. Wamekisogeza kitanda changu cha saba, sasa niko mbele ya meza ya wauguzi, kama mwanafunzi mtukutu. Sista amebadilika. Anafanya mambo ambayo sitayaandika, kwa sababu nikiyaandika nitayaona mara mbili.

Jumapili wifi yako hakuja. Ameandika kikaratasi. Kaka zake wamemchukua, yeye na binti, wamesema mtu asiyetaka kupona asiue watoto wa watu. Walisikia wapi? Wodi ina masikio kuliko vitanda. Sasa hata wagonjwa wenzangu wananiita Mtoro, na mimi sijatoka nje ya geti tangu Januari.

Dada, nina ombi moja na sijawahi kukuomba kitu kikubwa. Waandikie. Mwandikie Sista, ukiweza mwandikie na daktari. Waambie mimi ni mtu gani. Nikisema mimi, ni maneno ya mgonjwa. Ukisema wewe wataamini, wewe ni dada yangu na tena ni mtu wa maabara. Maneno mawili tu kutoka kwako yatatosha, nami nitarudi kuwa mtu.

Nasubiri Ijumaa.

Kitinda


Maabara kuu
7 Julai

Kitinda,

Barua nimeipata.

Karatasi ya maabara haina ndugu wala haina chuki. Ilisema dawa zinafanya kazi. Kuhusu rangi ya chungwa, mtu anaweza kumeza leo akaruka kesho na keshokutwa, rangi ikawepo siku ambayo Sista anauliza. Sisemi wewe ndivyo unavyofanya. Nasema nimeona mengi humu.

Kama kuna unachoficha, kiseme. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kwetu kimeshaumbua mmoja. Kuhusu kuwaandikia, acha kwanza. Meza, na makohozi yako yatakutetea kuliko mimi.

Dada yako


Maabara kuu
11 Agosti

Kitinda,

Sanduku la tano hili limekuja bila bahasha. Nilimuuliza dereva kama inadondoka njiani, akaniambia hakuna iliyopandishwa.

Ukiwa umekasirika, kasirika kwenye karatasi nisome. Hata mstari mmoja.

Dada yako


Maabara kuu
1 Septemba

Kitinda wa mama,

Soma barua hii ukiwa umekaa, na Sista awe karibu. Nimeianza mara nne.

Mwezi uliopita alikuja mtaalamu wa vinasaba kwa ajili ya utafiti. Kazi yake ni kufuatilia nani kamwambukiza nani. Wadudu wa kifua kikuu wana koo zao kama watu, na kila ukoo una alama yake, wanayoisoma kwa mashine ikatoka kama mistari. Ukiwa na mistari sawa na jirani yako, mmeambukizana au mmeambukizwa na mtu mmoja. Alisikia habari za karakana yenu akataka sampuli zote za mafundi. Nikamtolea, na yako ikiwemo.

Lakini yeye hachagui kichembe. Anakwangua chupa nzima, vyote vilivyoota, anavisoma pamoja. Jumatano akaniita. Mafundi wanne walikuwa na mistari ile ile, ukoo mmoja, wa Pikipiki. Wewe ulikuwa nao pia. Ila mahali kadhaa penye mstari mmoja kwao, kwako palikuwa na miwili. Akasema huyu mtu ana maambukizi mawili kwa pamoja, koo mbili ndani ya kifua kimoja. Nikamwambia arudie. Akarudia mbele yangu.

Tukautenganisha ule wa pili tukaupima kwa mashine yake, ambayo haisubiri wadudu waote. Dawa zile mbili kubwa unazomeza haziufanyi kitu. Unasikia? Tangu Januari umekuwa unameza dawa zinazoua ukoo wa Pikipiki na kuuachia mwingine nafasi yote. Kadiri ulivyomeza vizuri ndivyo ulivyoufagilia nyumba.

Kisha akautafuta kwenye friza la sampuli za zamani, kuona umetoka wapi. Umelingana na chupa moja tu, ya miaka mitano iliyopita. Ilihifadhiwa na haikuwahi kupimwa usugu wa dawa, enzi zile hatukuwa na uwezo. Namba ile naifahamu. Ni ya mama.

Wewe ndiye uliyemuuguza katika kile chumba cha nyuma, miezi saba, unamwinua, unamgeuza, anakoholea begani kwako. Mimi nilikuwa masomoni, nasoma jinsi ugonjwa huo unavyoambukizwa. Ukoo wa mama ulilala ndani yako miaka yote hiyo mpaka wa Pikipiki ulipokudhoofisha ukaamka.

Kwa hiyo mama alikuwa anameza. Na wewe ulikuwa unameza. Na mimi, kati ya vichembe ishirini na kitu vilivyokuwa kwenye chupa yako, nilichagua kimoja, kwa sababu kilikuwa kizuri na kilikaa katikati. Ndivyo tunavyofundishwa, ndivyo tunavyofanya wote, na ningekuwa nimefuata sheria ya kutogusa sampuli ya ndugu, huenda mwenzangu angechagua hicho hicho. Lakini mkono ulikuwa wangu.

Kuna la pili, nalo ni baya zaidi. Tarehe tisa Juni nilimwandikia Sista. Nilimwambia asikuamini. Ilikuwa wiki tatu kabla hujaniomba nikutetee.

Nimemwandikia tena leo, na majibu mapya nimeyaambatanisha. Nipe ruhusa nije.

Dada yako


Wodi ya kifua
5 Septemba

Kwa dada wa kitanda cha saba,

Nimepokea majibu na nimempelekea daktari siku hiyo hiyo. Barua ya mgonjwa nimempa.

Uliniomba niitoe kwenye faili ile barua yako ya Juni. Siwezi, kilichoingia kwenye faili hakitoki. Nitaiweka hii ya pili juu yake, ili atakayefungua akutane na hii kwanza. Na ni haki yako kujua ile ya kwanza ilifanya nini. Mwezi wa sita nilikuwa nimeshaanza kumwombea dawa za mstari wa pili, zile za wadudu sugu. Karatasi yenu ilisema vingine, lakini mimi nimelea wagonjwa hawa miaka ishirini na mbili, na hali yake haikuwa ya mtu mtoro. Kamati inayozigawa ilikaa Julai. Dawa zile ni chache, na mtu akiziruka anazaa usugu mbaya zaidi, kwa hiyo swali la kwanza huwa ni kama mgonjwa amewahi kukwepa. Mwenyekiti akasoma barua yako kwa sauti. Hakuna aliyebisha. Jina lake likaondolewa kwenye orodha.

Sikulaumu peke yako. Na mimi nilikuamini. Ulikuwa dada yake na ulikuwa maabara, ningekupinga kwa lipi?

Kamati inakaa tena Alhamisi ya kwanza ya Oktoba. Nitakwenda mwenyewe.

Sista wa wodi


Wodi ya kifua
15 Septemba

Dada,

Barua yako nimeisoma mara moja. Naandika mistari mitatu kisha nalala, kwa hiyo usitafute mpangilio.

Kichembe nimekusamehe kabla sijafika mwisho wa ukurasa. Hata mimi jora la kitambaa likija nakata kipande kimoja pembeni, nakiloweka, nikiona hakichuji nashona sare mia mbili. Mwaka mmoja jora lilikuwa limeungwa katikati, nusu ya kiwanda hiki na nusu ya kile, na baada ya kufuliwa mara moja shule nzima ilikuwa na mashati ya mgongo wa bluu na kifua cha zambarau. Ndivyo tulivyofundishwa, wewe na mimi. Hilo lipumzishe.

Mama ndiye aliyeniliza. Nilikuwa nampa maji mimi, Dada. Nilikuwa naona koo likipanda na kushuka. Nilikuambia siku tuliyomzika, ukasema lazima nilikuwa naangalia pembeni. Nikaanza kuamini kwamba nilikuwa naangalia pembeni. Miaka mitano nimemsengenya mama yangu moyoni.

Sasa barua. Nilimwomba Sista akanionyesha. Mwandiko wako ule ule, herufi zimesimama kama askari. Nilikuomba uwaandikie, kumbe ulikuwa umeshawaandikia. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi fundi nguo nikapekua karakana nzima, nikampekua Sista, nikampekua hata wifi yako maskini. Kwako sikupeleka mkono.

Na vile vidonge vya pazia vilikuwa vyako.

Uliyekuwa na homa ni wewe. Ulikuwa na miaka kumi na mmoja, ulikuwa unavificha kwenye shavu, mama akitoka unavitema. Ulinipa sindano ukaniambia nivishonee ndani ya pindo kwa sababu mkono wangu ni mdogo na mishono yangu haionekani. Nilijivuna wiki nzima. Ndiyo nguo ya kwanza niliyoshona katika maisha yangu. Mama alipofumua akanichapa mimi, kwa sababu mishono ilikuwa yangu, na wewe ulisimama mlangoni ukaangalia. Sikukutaja. Nilidhani unakumbuka. Miaka yote hii nilidhani tuna siri, mimi na wewe, kumbe nilikuwa nayo peke yangu.

Usije. Nikikuona nitakusamehe upesi, najijua. Na safari hii sitaki kusamehe upesi. Nataka kwanza nikasirike mpaka nitosheke, kama watu wengine. Nitakuita.

Kitinda


Maabara kuu
22 Septemba

Kitinda,

Nimekumbuka. Haikunijia mara moja. Siku mbili nilikuwa nasema unaweweseka kwa homa, mpaka nilipokuwa naosha meno jana ladha ile chungu ikaja shavuni, upande wa kushoto, na nikakaa chini bafuni. Pazia lilikuwa la njano. Ulichapwa na ufagio.

Sijui nilianza lini kuamini kwamba vilikuwa vyako. Nadhani nilikisimulia kisa hicho mara nyingi, kwa kuwachekesha watu, na kila mara nilijitoa kidogo ndani yake.

Siombi msamaha, umeshanieleza. Nakupa habari tu. Nimemweleza bosi kwamba nilishika sampuli ya ndugu, nimetolewa kwenye meza ya vipimo, sasa naosha chupa. Jumamosi nilikwenda kwa kaka zake wifi. Niliwasimulia yote mbele ya mkeo, barua ya Juni nikaitaja neno kwa neno. Kaka mkubwa hakunikaribisha kukaa, na alifanya vema. Mkeo na binti wamepimwa, vifua vyao ni visafi. Atakuja Jumapili, kasema mwenyewe.

Nitasubiri uniite. Begi nimeshalifunga.

Dada yako


Wodi ya kifua
9 Oktoba

Kwa dada wa kitanda cha saba,

Kamati imekubali, hakuna aliyeuliza swali. Dereva ameniambia boksi la dawa lilipitia huko kwenu, na ulilifunga wewe mwenyewe. Ameanza leo asubuhi. Ni kali, zimemtapisha, lakini alirudia kumeza bila kuambiwa. Mke wake amerudi, namruhusu kuingia akiwa na barakoa.

Unaniuliza kila Jumanne kama amekuita. Bado. Juzi aliomba kalamu na karatasi, nikafurahi kwa ajili yako. Alilala na karatasi kifuani. Asubuhi nilipoitoa ilikuwa haijaandikwa kitu.

Daktari anasema tusubiri mwezi mmoja ndipo tuone.

Sista wa wodi


Wodi ya kifua
3 Novemba

Kwa dada wa marehemu,

Nilipokupigia simu alfajiri ile nilikuambia tu kwamba amefariki, na mazikoni kulikuwa na watu. Ulinishika mkono ukaniuliza swali lako, nikasema tutazungumza. Mimi si mzuri wa kuzungumza, ndiyo maana nakuandikia.

Hakukuita. Ningeweza kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, nikasema alitaja jina lako mwishoni, ndugu wengi hupenda kuambiwa hivyo. Hakulitaja. Dawa mpya alizipata siku kumi na tisa, na mapafu yalikuwa yamebaki robo. Daktari anasema zingeanza Julai huenda ingekuwa hadithi nyingine. Huenda. Sitaki ubebe zaidi ya yaliyo yako, lakini sitakupunguzia pia.

Kuna jambo sikuliandika kwenye faili, na mdogo wako naye nadhani hakukuandikia. Baada ya barua yako ya Juni nilimwekea utaratibu yeye peke yake. Kila asubuhi akishameza, afungue mdomo mbele yangu, ainue ulimi, nipitishe kijiti shavuni huku na huku nione kama amebakiza kidonge. Wodi nzima inaangalia. Mtu mzima, baba wa mtoto. Hakugoma hata siku moja. Septemba yalipokuja majibu yako nilikwenda kitandani kwake nikamwomba radhi, nikamwambia hiyo kazi imekwisha. Aliitikia kwa kichwa tu kwamba amesikia.

Asubuhi ya mwisho alikuwa hawezi kumeza tena. Mke wake alikuwa amekaa upande wa ukutani. Mimi nilimsogelea na pamba yenye maji nimfute midomo, sikuwa na kidonge mkononi. Aliponiona alifungua mdomo, akainua ulimi. Nikamwambia, "Baba, funga, leo hakuna dawa." Hakufunga. Mke wake akamshika kidevu taratibu amfunge, mumewe akakataa. Aliniangalia hivyo hivyo, mdomo wazi, mpaka nikainama nikatazama vizuri, nikasema kwa sauti ambayo wodi yote ilisikia, "Nimeona. Umemeza zote." Ndipo akafunga.

Sista wa wodi